Ngano ya Kaisari na Watu 276

Leo twawaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya sura moja ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Ni sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ile ya safari ya Paulo baharini. Sisi wenyewe tulipokuwa katika chuo cha theolojia tuliiruka. Tulikuwa tukikimbilia Waraka kwa Warumi, penye mambo mazito ya imani, tukaona habari za upepo na matanga na nanga ni za mabaharia. Tena wengi wetu tulikuwa watu wa bara. Hatukujua tezi wala omo.

Baadaye, tulipokwisha kuwekewa mikono, tulianza kuihubiri sura hiyo, lakini tuliihubiri kwa haraka. Mahubiri yetu yalikuwa hivi: Paulo aliwaonya watu wasiondoke Bandari Nzuri, nahodha na mwenye merikebu hawakumsikia, akida akawaamini wao kuliko Paulo, merikebu ikavunjika. Basi mwenye merikebu tukamfanya kuwa mpumbavu, tena mtu wa tamaa, na washarika wakatikisa vichwa. Mtu huyo tumemhukumu mimbarani mara nyingi, bila kuuliza hata mara moja alikuwa na haraka ya nini. Leo tutauliza.

Luka asema ilikuwa merikebu ya Iskanderia, ikienda Italia, na mwishoni twaambiwa ya kuwa shehena yake ilikuwa ngano. Kwa mtu wa siku zile maneno hayo yalitosha. Ni kama leo mtu akikuambia ameliona lori la mizigo linatoka bandari ya Mombasa na kuelekea Uganda. Huhitaji kuuliza linafanya nini njiani.

Mji wa Rumi wakati huo ulikuwa na watu ambao wataalamu hukisia walifika karibu milioni moja. Mashamba ya jirani hayakuweza kuwalisha, na kuleta nafaka kwa magari ya ng'ombe kutoka mbali kuligharimu mno. Chakula kilipaswa kuja kwa maji. Kaisari Augusto aliandika mwenyewe ya kuwa mwaka 2 K.K. raia waliokuwa wakipewa ngano bure na serikali walikuwa zaidi kidogo ya 200,000. Kila mmoja alipata vipimo 5 kwa mwezi vya aina iliyoitwa modio, yaani kadiri ya kilo 33. Zidisheni wenyewe, mtaona ni karibu tani 80,000 kwa mwaka, na hiyo ni ngano ya bure peke yake. Watumwa, wageni na wengine wote walilishwa kwa ngano ya kununua.

Ilitoka wapi? Mwanahistoria Josephus, Myahudi, ameandika ya kuwa Afrika, maana yake nchi za upande wa Tunisia ya leo, iliulisha mji wa Rumi miezi 8 ya mwaka, na Misri miezi 4. Maneno hayo ameyatia kinywani mwa Mfalme Agripa, ambaye ni yule yule aliyeketi kumsikiliza Paulo akijitetea kule Kaisaria. Kwa hiyo Agripa alijua vema mfungwa yule angepelekwa Rumi kwa chombo cha namna gani.

Sasa tuje kwenye upepo. Wenzetu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana wao wanajua ya kuwa jahazi haliendi atakako nahodha bali litakako kusi au kaskazi. Katika Bahari ya Kati, wakati wa kiangazi, upepo huvuma siku nyingi kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Merikebu iliyotoka Italia kwenda Misri ilisukumwa kwa nyuma. Pliny aandika habari ya moja iliyotoka Puteoli ikafika Iskanderia siku ya 9. Lakini kurudi na mzigo kulikuwa taabu, kwa kuwa walirudi wakipambana na upepo ule ule. Hawakuweza kwenda moja kwa moja. Walipanda kaskazini mpaka Kipro na pwani ya Likia, ndipo wakajipenyeza magharibi chini ya Krete, wakaelekea Sisilia. Safari ya siku 9 ikawa ya mwezi mmoja, au miwili, au zaidi. Ndiyo maana akida Yulio alipofika Mira huko Likia aliikuta merikebu ya Iskanderia. Hakuiokota kwa bahati. Mira palikuwa njiani kwao.

Tena bahari ile ilikuwa na majira yake. Vegetius, aliyeandika habari za vita katika siku za mwisho za dola hiyo, ametuachia tarehe. Tangu Mei 27 mpaka Septemba 14 bahari ilihesabiwa kuwa salama. Baada ya hapo ilikuwa ya mashaka. Tangu Novemba 11 mpaka Machi 10 ilifungwa. Si kwamba mtu aliifunga kwa ufunguo. Mawingu yalificha jua na nyota, na watu wale hawakuwa na dira. Wakizikosa nyota hawakujua waliko.

Chombo chenyewe je? Mwandishi Lucian wa Samosata, wa karne ya pili, aeleza habari ya merikebu moja ya ngano iliyoitwa Isis, ambayo upepo uliipeleka kusikotakiwa mpaka ikatia nanga Pireo, bandari ya Athene. Watu walishuka kutoka mjini kwenda kuitazama. Asema urefu wake ulikuwa dhiraa 120, yaani kama meta 55, na kina chake tangu sitaha mpaka chini kabisa dhiraa 29. Walisema ngano iliyokuwamo ingeweza kuwalisha watu wote wa Attika mwaka mzima. (Lucian alikuwa mcheshi, kwa hiyo tusimshike sana kwa hesabu.) Nasi twapenda zaidi habari ya mshika usukani. Chombo chote kile kikubwa kiliongozwa na mzee mmoja mdogo wa umbo, mwenye kipara, jina lake Heron, kwa kijiti chembamba cha kugeuzia makasia ya usukani. Walikuwa wamekaa siku 70 baharini tangu kutoka Misri, na katika pwani ya Likia walikaribia kuangamia usiku penye miamba.

Si vyombo vyote vilikuwa hivyo. Mwaka 1965 mpiga mbizi mmoja wa Kipro aliona mbele ya mji wa Kyrenia rundo la mitungi chini ya bahari. Walipoichimbua merikebu hiyo, iliyozama karibu miaka 300 kabla ya Kristo, waliikuta na urefu wa meta 14 tu, mitungi karibu 400, lozi kama 10,000, na vyombo vya kulia vya watu wanne: vikombe vinne, vijiko vinne vya mti. Tunapofikiri juu ya biashara ya kale, vijiko vile vinne hutujia akilini upesi kuliko ukubwa wa Isis.

Na fedha je? Hapa ndipo tulipoanza kumwonea huruma yule mwenye merikebu. Biashara ya bahari iliendeshwa kwa mikopo ya namna ya pekee. Mkopeshaji alitoa fedha za kununulia shehena. Merikebu ikifika salama alilipwa pamoja na riba kubwa. Ikizama hakulipwa kitu. Hati moja ya mkopo wa namna hiyo imehifadhiwa katika hotuba mojawapo zinazohesabiwa kuwa za Demosthenes wa Athene, kutoka karne ya nne K.K. Walikopa drakma 3,000 kwenda Bahari Nyeusi na kurudi. Riba ilikuwa 225 kwa kila 1,000. Lakini wakichelewa kuanza safari ya kurudi mpaka ile nyota iitwayo Arcturus ichomoze, maana yake katikati ya Septemba, riba ilipanda kuwa 300 kwa kila 1,000. Mwaona, ndugu zangu? Hatari ya majira mabaya ilikuwa imekwisha kupimwa na kuandikwa bei. Kila mtu katika bandari aliijua.

Fedha za namna hiyo zilizaa vituko vyake. Hotuba nyingine katika mkusanyo ule ule yasimulia habari ya Hegestratos, aliyekopa fedha huko Sirakusa kwa jina la shehena ya ngano, kisha akazituma kwao Massalia. Alijua merikebu ikizama, deni limekufa. Basi siku mbili tatu baada ya kung'oa nanga, akashuka usiku katika tumbo la merikebu akaanza kuitoboa. Abiria wakasikia kelele. Alipoona amegunduliwa akaruka gizani kuifuata mashua iliyofungwa nyuma, akaikosa, akafa maji. Merikebu ilifika pwani salama.

Turudi Rumi. Mwaka 51 B.K., miaka michache tu kabla ya safari ya Paulo, mavuno yalikuwa mabaya. Tacitus aandika ya kuwa chakula kilichosalia mjini kilikuwa cha siku 15, basi. Kaisari Klaudio alipokuwa sokoni akihukumu watu, umati ulimzunguka, ukamtukana na kumtupia vipande vya mkate, naye akaponea mlango wa nyuma wa jumba lake. Kilichouokoa mji ni kwamba majira ya baridi ya mwaka huo yalikuwa mapole, merikebu zikaweza kupita.

Klaudio hakuisahau siku hiyo. Alikwisha kuanza, tangu mwaka 42, kujenga bandari kubwa karibu na Ostia, mahali ambapo leo uko uwanja mkubwa wa ndege wa Rumi. Watu walipokuwa wakiujenga uwanja huo waliyakuta mabaki ya merikebu za kale katika mchanga. Sasa akatafuta namna ya kuwafanya watu wasafiri hata wakati wa baridi. Aliwaahidi wafanyabiashara faida ya hakika, na hasara yoyote ya tufani akaichukua juu yake mwenyewe. Waliojenga merikebu aliwapa heshima: mtu asiye raia kamili, akijenga merikebu ya kubeba modio 10,000 au zaidi, nayo ikaleta ngano Rumi miaka 6, alipata uraia wa Rumi. Kumbukeni jemadari yule wa Yerusalemu aliyemwambia Paulo ya kuwa uraia wake yeye aliupata kwa mali nyingi. Hapa palikuwa na njia nyingine ya kuupata, kwa mbao na misumari.

Tunapolitazama shauri hilo la Klaudio hatuwezi kumlaumu upesi. Mji wenye njaa si jambo la mzaha, na sisi wa nchi hizi tunajua mvua zikikosekana inakuwaje. Lakini tazameni alichokiahidi. Aliahidi juu ya mbao na juu ya ngano. Tangu siku hiyo, mwenye merikebu aliyekaa bandarini mwezi wa Oktoba akiyatazama mawingu aliweza kusema moyoni: nikifika nitapata faida, nisipofika Kaisari atanilipa. Baharia aliyelala sitahani hakuwa na maneno hayo ya kujiambia.

Sheria yenyewe ilijua tofauti hiyo. Warumi walikuwa na sheria ya bahari waliyoiazima kwa watu wa Rodo: tufani ikiwalazimisha watu kutosa mizigo ili merikebu iokoke, hasara isimwangukie mwenye mzigo uliotoswa peke yake, bali wote waliookolewa mali zao wachange. Ni sheria ya haki, tena ingali hai. Machi 2021, meli iitwayo Ever Given ilipokwama siku 6 katika Mfereji wa Suez, wenye meli waliitangaza kanuni hiyo hiyo, na waliokuwa na makontena ndani yake wakatakiwa kuweka dhamana ya mchango wao kabla ya kupewa mizigo.

Basi mawakili wa Rumi waliulizana, nani achange, na kwa kipimo gani? Wakasema hata mwenye vito achange, ingawa vito havilemei chombo. Hata nguo na pete zihesabiwe. Chakula cha safari kisihesabiwe, maana njaa ikija, kilicho cha mmoja ni cha wote. Na miili ya watu huru isihesabiwe, kwa kuwa mwili wa mtu huru hauna bei. Neno zuri hilo. Lakini watumwa walikuwa na bei. Cicero ataja swali ambalo wanafalsafa walilijadili: mtu akilazimika kutosa kitu baharini, atose farasi wa thamani kubwa au mtumwa wa thamani ndogo? Naye akiri ya kuwa mali yavuta upande huu na utu wavuta upande ule. Tulipolisoma swali hilo mara ya kwanza tulifunga kitabu kwa muda.

Mabaharia wenyewe hawakuandika vitabu, lakini mchanga wa Misri umetuhifadhia barua zao chache. Mmoja aitwaye Ireneo, aliyekuwa katika kazi ya ngano katika karne ya pili au ya tatu, amwandikia ndugu yake ya kuwa amefika nchi kavu tarehe 6 ya mwezi wa Kimisri wa Epeiph, wamemaliza kupakua tarehe 18, amepanda Rumi tarehe 25, na kila siku wanangoja ruhusa ya kuondoka, lakini mpaka leo hakuna hata mmoja wa merikebu za ngano aliyefunguliwa. Ni barua ya mtu aliyekaa gatini akihesabu siku. Mwingine, kijana wa Misri jina lake Apion, aliandikwa katika jeshi la majini akapelekwa Misenum, penye kituo kikuu cha merikebu za vita za Rumi. Amwandikia baba yake kumshukuru mungu wao Serapi aliyemwokoa katika hatari ya bahari, amwambia amepewa vipande vitatu vya dhahabu vya njia, na ya kuwa sasa jina lake ni Antonius Maximus. Na amempelekea picha yake. Mabaharia wa jeshi hilo walitumika miaka 26 ndipo wakapewa uraia. Apion hakulalamika katika barua. Alimshukuru baba yake kwa kumlea vizuri.

Haya, sasa twende Bandari Nzuri, pale Krete, karibu na mwaka 59 au 60 B.K. Siku ya kufunga ya Wayahudi imekwisha kupita, maana yake ni mwisho wa Septemba au ni Oktoba. Septemba 14 imepita. Novemba 11 haijafika. Ni ule wakati wa mashaka, ambapo sheria ya bahari haikukatazi na akili haikuruhusu. Penye bandari ile pepo za baridi huingia, tena hapakufaa kukaa miezi minne na watu 276. Nahodha na mwenye merikebu hawakusema twende Italia sasa hivi. Walisema twende Foinike tu, bandari nzuri zaidi iliyo magharibi kidogo katika kisiwa hicho hicho, tukapitishe baridi huko. Ni safari ya siku moja upepo ukiwa mwema. Na upepo wa kusini ulikuwa ukivuma polepole. Ndugu, nasi tungesemaje? Tunaogopa kwamba tungeng'oa nanga.

Paulo alisema wasiende. Yeye alikuwa fundi wa hema, si baharia, lakini Waraka wa Pili kwa Wakorintho watuonyesha ya kuwa kabla ya safari hii alikwisha kuvunjikiwa merikebu mara tatu, na mara moja alikaa usiku na mchana katika kilindi. Tena tazameni alivyohesabu. Wengine walikuwa wakizungumza juu ya bandari. Yeye aliitaja shehena na merikebu, kisha akaongeza uhai wao. Katika baraza lile Luka hamtaji mwingine aliyelitia neno hilo katika hesabu.

Tufani iliyowakuta hatutaisimulia yote, isomeni. Upepo wa Eurakilo ulishuka kutoka milima ya Krete, wakaikaza merikebu kwa kamba zilizopitishwa chini yake, wakaogopa mchanga wa Sirti. Siku ya pili walianza kutosa shehena. Siku ya tatu walitupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Mskoti mmoja, James Smith wa Jordanhill, aliyekuwa mzoefu wa kusafiri kwa tanga, alikaa akapiga hesabu ya mwendo wa chombo kinachochukuliwa na upepo wa namna ile, na kitabu chake kikatoka mwaka 1848. Aliona ya kuwa tangu kisiwa cha Kauda mpaka Melita ingekuwa siku 13 na kidogo. Luka asema usiku wa 14. Tuliposoma hesabu hiyo tulicheka kwa furaha, maana Luka daktari hakuwa na ramani mbele yake. Alihesabu siku tu.

Lakini twataka mwone ngano ilitoswa lini. Ilitoswa mwisho. Wiki mbili watu wale walikuwa wametupa vifaa ambavyo bila hivyo merikebu haiendi, na ngano imo bado chini. Kwa sehemu ilikuwa ndiyo farumi ya kuituliza merikebu. Lakini pia ndiyo iliyokuwa sababu ya safari nzima; bila ngano hakuna la kumwonyesha Kaisari. Usiku ule wa mwisho walipima kina, pima 20, kisha pima 15, wakatupa nanga nne za tezi wakaomba kuche. Mabaharia walijaribu kutoroka na mashua, askari wakazikata kamba zake. Palipopambazuka Paulo akawahimiza kula. Wakala wote, watu 276, mfungwa na askari na mwenye merikebu. Walipokwisha kushiba, ndipo wakaitosa ngano.

Hata baada ya hapo hesabu haikuisha. Merikebu ilipokwama na tezi yake kuvunjika kwa mawimbi, askari walishauriana kuwaua wafungwa, asije mmoja akaogelea na kukimbia. Askari aliyempoteza mfungwa aliweza kulipa kwa kichwa chake mwenyewe. Akida Yulio akazuia. Wenye kujua kuogelea wakajitupa kwanza, wengine wakafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote wakafika nchi kavu.

Si kila chombo kilipata hivyo. Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 64, Josephus yule yule tuliyemtaja alikwenda Rumi kuwatetea makuhani waliopelekwa huko wamefungwa na liwali Feliki, ambaye ndiye aliyemweka Paulo kifungoni. Merikebu yake ilizama katika Bahari ya Adria. Ilikuwa na watu kama 600. Waliogelea usiku kucha, na alfajiri merikebu ya Kirene ikawaokota 80. Na mwaka 62, katika ile bandari mpya ya Klaudio, merikebu kama 200 ziliangamizwa na tufani ndani ya bandari yenyewe, na nyingine 100 zilizokwisha kupanda mto Tiber ziliteketea kwa moto. Tacitus atwambia bei ya nafaka mjini haikupandishwa. Idadi ya waliokufa hakuiandika.

Tumalizie Melita. Paulo na wenzake walikaa miezi mitatu katika kisiwa hicho, kisha wakapanda merikebu nyingine. Nayo ilikuwa ya Iskanderia. Katika omo yake palikuwa na alama ya wale ndugu mapacha ambao mabaharia wa siku zile waliwaomba wakati wa tufani. Luka asema ilikuwa imekaa kisiwani wakati wote wa baridi. Yaani wakati merikebu ya kwanza ilipokuwa ikisukumwa gizani, hii ilikuwa imefungwa kamba bandarini, na mwenyewe analisha mabaharia wake bila kupata hata senti. Lakini hesabuni ile miezi mitatu tangu siku ya kuvunjika merikebu. Mtaona ya kuwa hata mtu huyu hakuingoja Machi 10.

Walipita Sirakusa wakakaa siku tatu, wakafika Regio, kisha upepo wa kusini ukavuma, na siku ya pili yake wakaingia Puteoli. Seneca, aliyeishi miaka hiyo hiyo, aeleza namna mji ule ulivyokuwa zilipoonekana merikebu za Iskanderia: watu walizitambua kwa mbali kwa tanga dogo la juu, ambalo zao peke yake ziliruhusiwa kuliacha likiwa wazi zikiikaribia bandari, na umati ukasimama gatini kuzitazama. Humo mlikuwa na ngano ya Misri, na mara nyingi vitu vilivyotoka mbali zaidi ya Misri, hata pembe za ndovu za pwani yetu hii, ambayo Wayunani waliiita Azania. Paulo alishuka hapo pamoja na akida wake. Aliwakuta ndugu waamini katika mji huo, wakamwomba akae nao siku saba, na akida akakubali.